Somo: Milipuko ya miali ya gama hupataje mwanga wake?

Ndugu wanachama, hasa ninyi wa S5 na S6 (miaka miwili ya mwisho ya sekondari Uganda), milipuko hii ni mimweko mifupi ya mwanga wenye nishati kubwa mno kutoka mbali angani. Wengi hudhani miali hii ni joto la nyota iliyolipuka. Sivyo. Chanzo chake ni mwendo.

Hatua ya 1: Injini. Nyota kubwa huishiwa fueli, kiini kinaporomoka na kwa kawaida shimo jeusi huzaliwa. Au nyota mbili za nyutroni, yaani masalia madogo na mazito mno ya nyota kubwa, hugongana. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya uvutano ya mgongano kama huo yalinaswa, na miali ya gama ikafuata baada ya sekunde 1.7 hivi. Hapa tusikawie.

Hatua ya 2: Mkondo. Penyewe ni hapa: injini hurusha maada kwa mkondo mwembamba. Mwanga wa mlipuko hupepesa ndani ya milisekunde, kwa hiyo chanzo kinaonekana kuwa kidogo mno. Lakini fotoni (chembe za mwanga) za gama nyingi kiasi hicho zikisongamana mahali padogo, zingegongana na kugeuka jozi za elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), wala tusingeona kitu. Fumbo hilo hufumbuka tu ikiwa maada inatujia kwa zaidi ya asilimia 99.99 ya kasi ya mwanga. Hapo chanzo huweza kuwa kikubwa kuliko kinavyoonekana, na fotoni, kwa anayesafiri na mkondo, ni dhaifu zaidi.

Hatua ya 3: Migongano ya ndani. Injini haisukumi sawasawa. Fikiria boda boda kwenye barabara ya Jinja: aliyechelewa kuondoka, akiwa na kasi, humfikia wa mbele. Tabaka za mkondo zikigongana hivyo, wimbi la mshtuko huzirusha elektroni, nazo hujipinda kuuzunguka uga wa sumaku. Chembe yenye chaji ikipindishwa hutoa mnururisho; huu huitwa wa sinkrotroni. Wapo wanaosema sehemu ya miali hutoka kabla ya migongano hiyo, pale mkondo unapopungua msongamano kiasi cha kuziachia fotoni. Mimi naona yote mawili yana nafasi.

Hatua ya 4: Mwangaza wa baadaye. Mkondo huvamia gesi ya nje na kupunguza mwendo, ukitoa eksirei kwanza, kisha mwanga wa kawaida na redio. Setilaiti ya BeppoSAX iliugundua tarehe 28 Februari 1997, na kituo chake cha kupokea data kilikuwa hapo jirani, Malindi, Kenya.

Maswali

*Mwalimu, mkondo ni mwembamba. Mbona huonekana karibu mmoja kila siku? (Mbarara)*
Ulimwengu ni mpana, dada. Tena tunaona ile iliyotuelekea tu, mingi hutupita.

*Hewa huzuia gama. Darubini za H.E.S.S. za Namibia huona nini? (Arua)*
Fotoni yenye nishati kubwa sana ikigonga hewa huzaa manyunyu ya chembe yanayotoa mmweko wa buluu. Ndivyo walivyounasa mlipuko wa Julai 2018, saa 10 baada ya kutokea.

*Je, kwa macho matupu? (Gulu)*
Ule wa 19 Machi 2008 ungeonekana, kaka, kwa sekunde chache, penye giza zuri. Mwanga wake ulikuwa umesafiri miaka kama bilioni 7.5.