Jinsi ya kuipima namba tasa ya tarakimu milioni 41 kwa kikokotoo cha mkononi

Nina steshenari ndogo jirani na shule ya sekondari. Siku moja kijana wa kidato cha sita alinijia na flashi. "Shikamoo mama, naomba bei ya kuchapa namba moja." Namba yenyewe: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, ile namba tasa aliyoipata Luke Durant wa Marekani Oktoba 2024. Kompyuta yangu ikakwama kulifungua faili. Bei ningeitoa wapi?

Kumbe huhitaji kulifungua.

Anza na urefu. Chukua kikokotoo cha sayansi, bonyeza log 2, zidisha kwa 136279841. Tafadhali usiandike 0.3010 tuliyoikariri shuleni! Mimi niliiandika, nikapata 41,020,232, pungufu kwa zaidi ya elfu nne. Kosa limejificha kwenye desimali ya tano, lakini lizidishe mara milioni 136 uone linavyovimba. Ukiacha kikokotoo kitumie log yake chenyewe, kinaleta 41024319.95. Chukua namba nzima, ongeza 1: tarakimu 41,024,320. Ile "toa 1" isikusumbue, kwa sababu 2 ukiipa kipeo chochote haiishii na sifuri, hivyo urefu haupungui.

Sasa mwanzo wake. Bila kufuta jibu, toa 41024319. Inabaki 0.9453 na kuendelea. Ipe 10 kipeo hicho hicho kilichobaki, upate 8.8169. Basi namba inaanza na 8816. Kwa 0.3010 yangu ingeanza na 1.

Mwisho wake hauhitaji hata log. Andika 4, 8, 16, 32, 64 uendelee hivyo: tarakimu mbili za mwisho hujirudia kila baada ya hatua 20. Gawanya 136,279,841 kwa 20, baki ni 1, sawa na baki ya 21. Na 2 kwa kipeo cha 21 ni 2,097,152. Kwa hiyo 52, toa 1, ni 51.

Kuthibitisha kwamba ni tasa, hapo kikokotoo kinyooshe mikono. Jaribio la Lucas na Lehmer linaanza na 4: izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba yetu ubaki na baki, kisha rudia. Mara 136,279,839. Ikiishia sifuri, ni tasa. Kazi hiyo waachie wenye mashine.

Nikarudi kwenye bei. Ukurasa mistari 60, mstari tarakimu 50, jumla 3,000. Kurasa 13,675, rimu 27 na ushei. Kwa shilingi 100 kila ukurasa, 1,367,500. Kijana akacheka, akaomba ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu.

Faili lilipokubali kufunguka nikamchapia. Wa kwanza ulianza 8816. Wa mwisho ulikuwa na mistari 46 kamili na kipande cha tarakimu 20, kikiishia 51. Akanipa 200.