Jinsi ya kuomba pampu ya maji ya sola kwa kijiji kupitia bajeti ya halmashauri

Ifikapo Septemba, kijiji cha wilaya ya Bahi, Chemba au Chamwino, mkoani Dodoma, kinachotegemea kisima cha dizeli kinakuwa na hali inayofahamika: mvua zilikatika Aprili, malambo yamekauka, foleni ya madumu inaanza alfajiri, na mafuta yakiisha pampu inasimama. Kuhamia kwenye sola ni hatua ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ambayo kijiji kinaweza kuiombea fedha za umma. Ila ombi haliendi kwa barua ya mwenyekiti peke yake. Linatoka vitongojini kwa utaratibu wa kupanga miradi kuanzia kwa wananchi, uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, linapita mkutano mkuu wa kijiji na kata, ndipo lifike halmashauri ya wilaya. Mengi hukwama kwa sababu yamefika yakisema "tunaomba sola" bila kueleza maji yanayohitajika ni kiasi gani, kisima kinatoa kiasi gani, na wananchi waliridhia lini.

Anza mapema

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, na Baraza la Madiwani hujadili rasimu ya bajeti mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Vikao vya vitongoji vifanyike Agosti na Septemba, mkutano mkuu usivuke Oktoba. Ombi linaloletwa Machi linasubiri mwaka mwingine.

Vitongojini: kusanya ushahidi

Kila kitongoji kiorodheshe vyanzo vyake vya maji, umbali wake, na miezi ambayo kila kimoja hukauka. Ili kupata mwenendo wa miaka, tumia miaka ambayo kila mtu anaikumbuka. Waulize wazee ni visima gani vilikuwa na maji mwaka mzima wakati wa mvua za El Niño za 1997/98, na leo vikoje. Akina mama wakae kikao chao, wafugaji chao, kwa sababu hesabu zao za maji hazifanani. Mifugo ikisahauliwa, ng'ombe watakuja hivyo hivyo na kuvunja vilula, yaani vituo vya kuchotea maji. Weka mbauti (birika la kunyweshea mifugo) kwenye ombi tangu mwanzo.

Hesabu ya maji na paneli

Hapa ndipo ombi linapopata uzito. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Tuseme kijiji kina watu 1,200 na ng'ombe 200. Watu wanahitaji lita 30,000. Ng'ombe, kwa lita 30 kila mmoja, lita 6,000. Jumla ni mita za ujazo 36 kwa siku. Sola ikisukuma kwa saa sita, pampu itoe mita za ujazo 6 kwa saa, na kisima kiwe na uwezo unaozidi hapo.

Kisha tafuta urefu ambao maji yanasukumwa. Usichukue kina cha kisima. Chukua kina ambacho maji hushukia pampu ikiwa inafanya kazi, jumlisha kimo cha tangi na kinachopotea kwa msuguano wa bomba. Tuseme jumla ni mita 90. Zidisha 36 kwa 90 kwa 2.725 (wati-saa za kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa mita moja): unapata wati-saa 8,829, karibu kilowati-saa 8.8. Pampu na mota yake hazitumii umeme wote kwa kazi. Kwa ufanisi wa asilimia 45 unahitaji kilowati-saa 19.6. Kwa saa tano za jua kali na asilimia 20 ya kufidia joto na vumbi, gawanya kwa 4 (5 mara 0.8). Jibu ni kilowati 4.9, yaani paneli 13 za wati 400. Mhandisi atarekebisha kulingana na inveta (kifaa kinachobadili umeme wa paneli utumike na pampu) na ongezeko la watu, lakini ombi lenye hesabu hii halisomwi kama orodha ya matamanio.

Takwimu za kisima ziombwe ofisi ya wilaya ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini): kina, kipenyo cha bomba lake, matokeo ya jaribio la kusukuma maji, na vipimo vya maabara. Kama jaribio ni la zamani sana au halipo, omba lifanyike kwanza. Kanda ya kati ina maeneo yenye chumvi na floridi nyingi. Kiwango cha juu cha floridi kinachoruhusiwa ni miligramu 1.5 kwa lita. Kufunga paneli juu ya maji yasiyofaa kunywewa ni kuwatia watu hasara. Uliza pia kama kisima kina kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde. Mkoa wa Dodoma umegawanyika kati ya mabonde zaidi ya moja, hivyo hakikisha mko bonde lipi kabla ya kuandika barua.

Muhtasari wa mkutano mkuu

Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango huandaa, Halmashauri ya Kijiji hupitia, na mkutano mkuu wa wakazi wenye miaka 18 na zaidi huamua. Muhtasari ndio unaobeba ombi zima. Uwe na tarehe, namba ya ajenda, mahudhurio yaliyosainiwa, saini za mwenyekiti na mtendaji, na muhuri. Uamuzi uandikwe bila kuzunguka:

"Mkutano Mkuu umeridhia ufungaji wa pampu ya sola katika kisima cha kitongoji cha … uwe kipaumbele namba 1 cha kijiji kwa mwaka wa fedha …, umeridhia eneo la mita 20 kwa 20 litengwe kwa mradi, na wananchi watachimba mtaro wa bomba wa mita … kwa nguvu zao."

Kipaumbele kiwe kimoja. Kijiji kinachoandika vipaumbele vitano vyote namba moja kimewaachia wengine wakichagulie. Eneo likiwa la mtu, ambatisha ridhaa yake ya maandishi. Mdomo hautoshi, na warithi wake hawakuwepo kwenye mkutano.

Ambatisha pia uthibitisho kwamba kuna chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, pamoja na bei ya ndoo na akiba ya mwezi. Paneli hudumu miaka 25 hivi, lakini pampu na inveta huchoka mapema zaidi. Gawanya bei ya sasa ya pampu na inveta kwa miezi 84 (miaka saba), uone kama makusanyo yanatosha.

Kata hadi halmashauri

Barua iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, K.K. (kupitia kwa) Afisa Mtendaji wa Kata, nakala kwa meneja wa RUWASA wa wilaya. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mtashindana na vijiji jirani, kwa hiyo diwani, ambaye ndiye mwenyekiti, apewe mapema ukurasa mmoja wenye hesabu. Baada ya hapo fuatilieni kwa Afisa Mipango: mradi umeingizwa kwenye mfumo wa bajeti? Ahadi ya mdomo haina kifungu cha fedha.

Kikundi kinachotaka sola kwa bustani ya mboga kisichanganye ombi lake na hili. Chao ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Siku ya kukabidhiwa

Paneli zielekee kaskazini, zilale kwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi, zisipate kivuli cha mbuyu wala cha tangi, na uzio uwe umekamilika. Kisha, saa sita mchana jua likiwa wazi, kinga ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba linaloingia tangini, juu kabisa. Kwa mita za ujazo 6 kwa saa, ndoo hujaa ndani ya sekunde 12, na kwa jua la saa hiyo inapaswa kujaa mapema zaidi. Ikichukua sekunde 20, msisaini makabidhiano.