Jinsi ya kujenga uwajibikaji stoo: hatua kwa msimamizi mpya

Ukikabidhiwa usimamizi wa stoo ya vifaa vya ujenzi, iwe Kariakoo au Mwanza, mara nyingi utakuta watu wanaijua kazi yao vizuri. Kinachokosekana ni jibu la swali dogo: hili ni la nani? Fuata hatua hizi kwa mpangilio, maana ya tatu haishiki bila ya pili.

Hatua ya 1: Kila kazi, jina moja

Orodhesha kazi zote za siku: kupokea mzigo, kuhesabu, kutoa, kufunga. Mbele ya kila kazi andika jina la mtu mmoja, na la atakayemshikia akiugua au akiwa likizo. Usiandike "wote". Kazi ya wote ndiyo inayolala. Jina lako nalo liwemo, kisha bandika karatasi ukutani.

Hatua ya 2: Anayedaiwa awe na mamlaka

Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Mtunza stoo anadaiwa kila mfuko wa saruji, lakini funguo ziko kwa watu watatu, na mkurugenzi akipita jioni anabeba kilo tano za misumari: "Tutaandika kesho." Mtu huyo huwezi kumdai chochote kwa haki.

Kusanya funguo. Mmoja ubaki kwa mtunza stoo, wa akiba ufungwe ndani ya bahasha yenye saini na uwekwe ofisini. Kisha mwendee bosi, umweleze kwa heshima kwamba naye atasaini kila anachochukua. Ni mazungumzo magumu, ila ukiyakwepa, hatua zinazofuata ni kujisumbua bure. Siku wafanyakazi watakapomwona mkurugenzi akisaini, wataelewa bila wewe kuhubiri.

Hatua ya 3: Zamu ikabidhiwe kwa kuhesabu

"Kila kitu kiko sawa" si makabidhiano. Anayetoka na anayeingia wapite pamoja wakihesabu bidhaa za bei kubwa na zinazotoka kwa wingi: saruji, nondo, rangi. Misumari na skrubu mara moja kwa wiki inatosha.

Daftari liwe na safu za bidhaa, idadi kwenye kadi ya stoo (inapoandikwa kila kinachoingia na kutoka), idadi iliyohesabiwa, tofauti, sababu na saini mbili. Mfano:

*Mifuko ya saruji, kilo 50: kadi 120, hesabu 117, tofauti 3. Miwili ilichanika wakati wa kushusha. Mmoja haujulikani ulipo.*

Hayo maneno ya mwisho yapokee bila kufoka. Ukimfokea aliyeyaandika, kuanzia kesho hesabu za daftari zitalingana kila jioni huku mifuko ikizidi kupungua.

Hatua ya 4: Kikao cha asubuhi

Dakika kumi, mkiwa mmesimama. Anza wewe: "Jana niliahidi kufuatilia lile toroli bovu. Fundi anakuja leo saa nane." Halafu kila mmoja aseme alichomaliza na kinachomkwamisha. Basi.

Hatua ya 5: Upungufu ukijitokeza

Mwite mhusika faragha, daftari likiwa mezani. "Kaka, kadi inasema 120, tumehesabu 117. Hebu nieleze." Msikilize hadi amalize, kisha kakague naye mlango, mizani na hati za kutolea mzigo. Wakati mwingine kosa liko kwenye utaratibu wenu.

Ule mtindo wa kugawana hasara, kila mtu akatwe elfu kumi, naupinga kabisa. Unamwadhibu mwaminifu na kumfichia siri mwizi. Tena sheria haimruhusu mwajiri kukata tu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Na akubali makato kwa maandishi. Deni lisizidi gharama halisi ya hasara, na makato hayo yasipite robo ya ujira wake wa fedha.

Mkikubaliana, andikeni siku hiyohiyo, msaini nakala mbili: moja aondoke nayo, nyingine iingie kwenye faili lake. Asipokubali, usimkate, peleka suala kwa mwajiri pamoja na daftari na maelezo yake aliyoyaandika kwa mkono wake.