Ruta moja, mitandao miwili isiyojuana

Mafundi wenzangu wa Mtwara, ukikuta ghala la korosho lina ruta moja, ofisi na mizani zote zinatumia kundi lilelile la anwani, 192.168.1.0/24, usikimbilie kununua ruta ya pili. Tengeneza VRF mbili, tuseme OFISI na MIZANI, yaani majedwali ya njia yaliyotengana ndani ya ruta hiyo hiyo. Anwani zikifanana hazigongani, maana jedwali hili halijui la pili lina nini.

Ila kwa ruta za Cisco, ukiiingiza intafesi (mlango wa ruta) kwenye VRF, IP yake, yaani anwani, inafutika papo hapo. Mimi nilifanya hivyo nikiwa Mikindani, ruta iko Masasi. Nikajifungia nje, nikapanda basi! Fanya ukiwa na kebo ya konsoli mkononi, ile inayochomekwa kwenye ruta yenyewe, kisha iandike IP upya.

Kupima kama kifaa cha upande wa mizani kinajibu, andika ping vrf MIZANI 192.168.1.10. Ukiisahau hiyo vrf, ping inafuata jedwali kuu, nawe utalaumu waya bure.