Jinsi ya kupeleka malalamiko ya mgonjwa hospitalini Lubumbashi hadi yapate jibu

Mama mdogo wangu alilazwa katika hospitali moja ya hapa mjini, kwenye chumba cha akina mama sita. Wawili kati yao waliitwa Mama Ngoie. Usiku muuguzi aliingia na chupa ya serumu (dripu), akaita "Mama Ngoie!", mama mdogo akaitika akiwa usingizini, akatundikiwa. Mimi nilisogea nikasoma plasta iliyobandikwa kwenye chupa: kitanda namba 4. Yeye alikuwa namba 2. Ilitolewa baada ya dakika chache, na namshukuru Mungu hakudhurika. Ndugu zetu walipiga kelele koridoni hadi asubuhi, hakuna kilichobadilika. Kilichobadilisha mambo ni barua ya ukurasa mmoja. Njia tuliyopita ni hii.

Kama hatari bado ipo, usingoje barua. Mwite muuguzi palepale, kwa heshima lakini bila kuogopa: "Mama, tafadhali, tuangalie jina kwanza." Akikataa, omba muuguzi mkuu wa wodi au munganga (daktari) wa zamu.

Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika yote kwenye daftari: tarehe, saa, wodi, namba ya kitanda, na maneno yaliyosemwa jinsi yalivyosemwa. Hujui jina la muuguzi? Andika saa, watamjua kwa orodha ya zamu. Tenganisha ulichoona kwa macho na ulichosimuliwa. Hifadhi fishi (kadi ya mgonjwa), karatasi ya dawa, fatire (ankara) na risiti, na uzipige picha. Wagonjwa wengine usiwapige.

Sasa barua. Mwandikie mkuu wa hospitali, yule ambaye mlangoni kwake pameandikwa Médecin Directeur (daktari mkurugenzi). Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaanza na matusi, msomaji anafunga moyo kabla hajafika kwenye tukio. Au wanaomba jambo moja tu: muuguzi afukuzwe. Lakini akifukuzwa kesho, chumba kitabaki na akina Mama Ngoie wawili na mtu mwingine ataingia usiku akiita jina moja. Sisi tuliandika hivi:

"Usiku huo, saa nane na dakika kumi, mgonjwa wetu wa kitanda namba 2 alitundikiwa serumu iliyoandikwa kitanda namba 4. Tunaomba mtueleze ilivyotokea, mtakachobadilisha ili isitokee tena kwa mtu yeyote, na mtujibu kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne."

Siku kumi na nne tulizichagua wenyewe. Bila tarehe, barua hulala. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya Kongo (RDC) ya 2006, lakini lugha rasmi ni Kifaransa na mafaili ya ofisi yako kwa Kifaransa. Akikuandikia mtu mwingine, akusomee tena kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi. Weka jina na namba ya simu. Kama mgonjwa wako angali kitandani na unaogopa asije akatendewa vibaya, tumia sanduku la maoni ikiwa lipo, au subiri atoke.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki kwa sekretari, ya pili inagongwa muhuri, inaandikwa tarehe na sahihi ya aliyepokea, unarudi nayo nyumbani. Usitoke bila muhuri huo. Ndio utakaokusaidia ukipanda juu.

Wakikuita kwenye mkutano, nenda na mtu mmoja mtulivu, si ukoo mzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa anatibiwa, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangezuilika. Nilimwambia mkuu hilo, ajue hatukuja kumwaibisha. Huko Stafford, Uingereza, familia za wagonjwa wa hospitali moja zililalamika kwa miaka bila kusikilizwa, na ripoti ya uchunguzi ya 2013 ilionyesha jinsi dalili hizo zilivyopuuzwa huku wagonjwa wakiteseka.

Siku zikipita bila jibu, peleka nakala ya barua kwa munganga mkuu wa zone de santé (eneo la afya) yako. Kwa hospitali ya ngazi ya jimbo, nenda Division provinciale de la santé, ofisi ya afya ya jimbo letu la Haut-Katanga. Kosa la mwenendo wa daktari linapelekwa pia Ordre des médecins, baraza la madaktari. Kosa la jinai ni la parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kwa santé (kituo cha afya) ya mtaani anza na infirmier titulaire, muuguzi anayekiongoza, kisha wajumbe wa CODESA, kamati ya wakaaji wenyewe. Wengi hawajui kuwa ipo.

Ukishajibiwa, rudi wodini baada ya wiki chache ujionee. Sisi tulirudi baada ya wiki tatu. Muuguzi aliinama kwa mzee mmoja, akamuuliza jina lake lote na mwaka wa kuzaliwa, akasoma plasta iliyokuwa mkononi mwa mzee huyo, ndipo akafungua serumu.