Kabla hujamrudisha mwandishi rafuni

Mwandishi akikulemea, msome ukurasa mmoja kwa sauti kabla hujamwacha. Shaaban Robert ni wa kwetu Tanga, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, lakini nikimsoma kimoyomoyo hunichosha: sifa juu ya sifa, sentensi zimepangwa mbilimbili, na wahusika wanaobeba tabia zao kwenye majina, kina Karama na Majivuno. Sasa kaa Raskazone, pale ufukweni Tanga, jioni upepo ukivuma, uitamke riwaya yake ya Kusadikika polepole. Zile sentensi ndefu zinakatika zenyewe pale unapotaka kuvuta pumzi, na ubishi wa barazani unaanza kusikika. Kurasa tatu nne kwa siku zinatosha. Ukizidisha, utamu unageuka karaha.

Adam Shafi hahitaji hayo yote. Riwaya yake ya Kuli naisoma hata kwenye daladala, konda akipiga kelele, maana mazungumzo yake yanakwenda mbio.

Kezilahabi wa riwaya ya Nagona sijampenda bado, nisiwadanganye. Ila kitabu ni kifupi. Kimalize kwa mkupuo mmoja bila kusaka kisa, angalau zile ndoto zilizomo zitashikana. Kama ndiyo kwanza unamjua, anza na Rosa Mistika.