Presha, chumvi na safari ya nyumbani: afya yako ukiwa ughaibuni

Nilikwenda duka la dawa kununua dawa ya kikohozi. Karibu na mlango palikuwa na mashine ya kupima presha, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu nikaketi, nikafunga mkanda. Ikasoma 158/96. Kichwa hakikuniuma, kizunguzungu sikuwa nacho, na wiki ile nilikuwa nimepiga zamu nne za usiku bila kulalamika. Nikasema mashine hii mbovu. Haikuwa mbovu.

Wengi wetu bado tunamtafuta daktari tukishazidiwa. Huku ughaibuni mazoea hayo yanatuponza, maana presha, sukari na maradhi ya figo hayabishi hodi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujiandikisha kwa daktari wa familia ungali mzima. Lugha ikikupa shida, omba mkalimani siku unapopanga miadi. Hospitali nyingi kubwa wanao. Usimfanye mwanao awe mkalimani. Kuna mambo hutayasema mbele yake, na huenda hayo ndiyo daktari anayahitaji.

Presha unaweza kuipima mwenyewe, lakini wengi tunaipima ovyo. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote sakafuni bila kukunja nne, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla yake usinywe kahawa wala usivute sigara. Nenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha namba. Mkanda ukae juu ya ngozi, si juu ya sweta. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa wiki nzima, uandike kila kitu daftarini. Kipimo kimoja hakimfanyi mtu mgonjwa wa presha. Lakini wastani wa nyumbani ukifika 135/85, au 140/90 kliniki, mpelekee daktari daftari lako. Na ukiona 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, hapo ni kupiga simu ya dharura, si kungoja miadi.

Kisha kuna chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Utasema wewe huweki chumvi nyingi. Hata mimi nilisema hivyo. Nyingi tulikuwa tunaila ikiwa imeshatiwa kiwandani: kwenye mkate, soseji, supu za pakiti. Geuza pakiti usome nyuma. Ulaya huandika chumvi kwa gramu. Marekani huandika sodiamu kwa miligramu, na ukizidisha sodiamu kwa 2.5 unapata chumvi. Chukua supu iliyoandikwa sodiamu miligramu 800: hiyo ni chumvi gramu 2. Afadhali, utasema. Sasa tazama mstari wa juu kabisa, ule ambao hakuna anayeusoma: namba hiyo ni ya mlo mmoja, na pakiti ina milo miwili. Ukiimaliza peke yako umekula gramu 4. Ukitaka njia ya mkato, tazama kiasi kilicho katika kila gramu 100: chumvi ikizidi gramu 1.5, ni nyingi, ikiwa 0.3 au chini yake, ni kidogo.

Mazoezi nitayapita haraka: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi zinatosha kuanzia. Vitamini D nayo tusiipuuze. Ngozi nyeusi huitengeneza polepole kuliko ngozi nyeupe, na katika nchi za kaskazini jua la baridi halitoshi hata likiwaka. Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku majira hayo, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mwaka mzima. Zaidi ya hapo muulize daktari. Vitamini hii ikizidi sana mwilini hudhuru. Ukiwa kwake, omba pia kipimo cha homa ya ini aina ya B. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kujua, na ambaye hana huchanjwa.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni hili: “Mimi nimekulia kwenye malaria, hainiwezi.” Kinga ile ilijengwa na kuumwa na mbu tena na tena, ukikaa miaka kadhaa mbali nayo, inafifia. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni hana kabisa. Basi kabla hamjasafiri kwenda nyumbani, wiki 4 hadi 6 hivi, muone daktari juu ya vidonge vya kinga, na chandarua kitumike hata kwa bibi. Tena vidonge haviishii uwanja wa ndege. Atovakoni-proguanili huendelea siku 7 baada ya kutoka eneo la malaria, doksisaiklini wiki 4. Homa ikikushika baada ya kurudi, hasa miezi 3 ya kwanza, nenda siku hiyohiyo, na neno lako la kwanza liwe: “Nimetoka kwenye malaria, nipimeni damu.” Usipolisema, daktari ambaye hajaiona malaria kwa miaka anaweza kukuambia ni mafua, akakurudisha nyumbani.

Na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, usiitupe hata kama imeandikwa miaka 10. Tangu Julai 2016 inatambuliwa maisha yote, pamoja na zilizotolewa kabla ya hapo. Iweke pamoja na pasi.